Baba ya mtoto ako ng'ambo na hatumi kitu: venye utafuata sapoti ukiwa Nakuru, Kisumu ama Western

Tangu majirani wa ploti wajue pesa ya mtoto imeanza kuingia kutoka Uingereza, hakuna wiki inapita kabla mtu aniite pembeni aniulize nilifanya aje. Mwingine ni dada wa kanisa, mwingine ni mama mboga wa Kaptembwa, Nakuru, ambaye bwana yake alienda Texas akabadilisha namba, juzi ilikuwa shosho mzima kutoka Rongai analea wajukuu watatu na mama yao ako Saudi. Nimechoka kueleza vipande vipande kwa simu, kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja, na nitaandika tu venye naongea. Mimi si wakili, ni mzazi aliyepitia hii njia na miguu yake na akakosea mara kadhaa kabla apatie.

Sheria iko upande wa mtoto, hiyo usiwe na wasiwasi nayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imeandika wazi kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto wawe wameoana ama hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikarudia maneno hayo hayo. Hakuna mahali imeandikwa jukumu linaishia kwa mlango wa ndege. Penye watu hukwama ni kwa vitu viwili, hawajui huyo mtu anaishi wapi haswa, na hawajui pesa yake inapitia wapi. Kesi yote inazunguka hapo, na kila kitu nitakuambia uende ukatafute ni cha kujibu moja kati ya hayo maswali mawili.

Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima juu nilianza na kulia kwa maofisi. Kuna jamaa aliniambia ana mtu kwa ubalozi, nimpe elfu kumi na tano atafanya baba ya mtoto arudishwe Kenya. Nikatoa, nilikuwa na hasira. Sasa fikiria, ata kama ingekuwa kweli, angerudishwa hapa bila kazi na bila mshahara, mtoto angekula nini? Ubalozi haukusanyi pesa ya mtoto kwa mtu yeyote, na mtu akikuambia anaweza kufanya hivyo kwa kitu kidogo, zima simu.

Anza na karatasi za mtoto

Cheti cha kuzaliwa ndiyo mama ya karatasi zote. Kama jina la baba liko, vizuri sana, piga kopi kadhaa uzifanye zithibitishwe. Kama haliko usikate tamaa, mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilisema kile kipengele cha sheria kilichokuwa kinazuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto wa nje ya ndoa kinaenda kinyume na Katiba, na kwa vyovyote vile unaweza kwenda kortini bila hilo jina. Itabidi tu uonyeshe yeye ndiye baba. Akikataa, korti inaweza kuamuru DNA, na yeye akiwa huko aliko sampuli yake inaweza kuchukuliwa na maabara ya huko kwa amri ya korti, ya mtoto ikachukuliwa hapa, mara nyingi ni Mkemia wa Serikali ama KEMRI. Usikimbilie kulipia DNA ya mfukoni kabla kesi ifunguliwe, juu ile haina amri ya korti anaweza kuikataa akasema hajui ilitoka wapi.

Pia hakikisha jina lake ni lile la kwa kitambulisho ama pasipoti. Hii naona kama kitu kidogo lakini ilinirudisha nyuma miezi. Mimi nilikuwa nimeandika lile jina tunamwita nyumbani na la ukoo, kumbe kwa pasipoti ako na majina matatu na hilo la nyumbani halimo. Fomu ikarudi. Ukiwa na kopi yake ya zamani ya kitambulisho, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki aliyosaini, fomu ya shule, kitu chochote chenye jina lake kamili na namba, toa hizo kwa sanduku leo.

Kutafuta mahali ako

Hapa ndipo kazi iko. Namba ya WhatsApp ya ng'ambo haitoshi, korti ya nje inataka mtaa, mji, na ikiwezekana mwajiri.

Adresi mimi nilipewa na dani wa mtoto, yaani mama mzazi wa huyo baba, anaishi Ahero. Nilikuwa nimeacha kwenda huko juu nilikuwa nimekasirikia familia nzima, alafu kaka yangu mkubwa akaniambia mtoto hana vita na nyanya yake, mpeleke amwone. Nikampeleka likizo ya Agosti. Jioni tukiwa tunakula, huyo mama akaingia ndani akarudi na karatasi ya kampuni ya kutuma mizigo, alikuwa ametumia kijana wake omena na unga wa mtama, adresi yote iko hapo na msimbo wa posta. Akaniambia, huyu ni damu yangu, siwezi kukaa nikimwona anarudishwa nyumbani juu ya karo. Sikumwomba. Kwa hivyo kabla utafute wapelelezi, angalia kama ulichoma daraja lisilokukosea.

Njia zingine ni za kawaida tu. Pesa aliyowahi kutuma kwa kampuni za kutuma pesa huja na jina la aliyetuma, na risiti zingine zinaonyesha nchi, kwa hivyo rudi nyuma kwa meseji za M-Pesa, ama uitishe statementi kwa *334#, inakuja kwa imeili. Kama ni nesi, rejista zao ziko wazi kwa intaneti, Uingereza ni ya NMC na Marekani ni Nursys, unaandika jina unaona kama ana leseni na eneo ama jimbo aliposajiliwa. Kama alienda Ghuba kupitia ajenti wa hapa mwenye leseni ya NEA, ile mamlaka ya serikali ya ajira, yule ajenti ana mkataba wenye jina la mwajiri, na korti inaweza kumwitisha auonyeshe. Marafiki wa shule, chama cha watu wa kwenu walio huko, kanisa lao. Uliza polepole.

Ukishapata, tulia. Usipigie bosi wake. Usiweke picha yake kwa Facebook na matusi, usimtishe na imigresheni. Najua hasira, nimekuwa nayo, lakini mtu akifutwa kazi hakuna mshahara wa kukatwa, na hizo posti zako zote wakili wake atazichapisha aziweke mbele ya hakimu.

Bajeti na ushahidi

Chukua daftari uandike mtoto anatumia nini kwa mwezi, karo, chakula, kodi ya nyumba kwa upande wake, dawa, nguo, nauli ya shule, na kila kitu kiwe na risiti ama angalau meseji ya M-Pesa. Usiongeze chumvi. Korti inaangalia mahitaji ya mtoto, uwezo wa wazazi wote wawili na maisha mtoto alikuwa amezoea, kwa hivyo na wewe utaulizwa unapata ngapi. Sema ukweli ata kama unauza mandazi. Hakimu anajua tofauti ya mama anayetafuta sapoti na mtu anayetafuta kulipiza kisasi, anaiona kwa hizo namba.

Meseji za WhatsApp zinakubalika lakini si skrinshoti tu ya kuonyesha kwa simu. Zichapishe zikiwa na tarehe na namba, alafu kuna cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, unaeleza simu gani ilitumika na nani alichapisha. Ni ukurasa mmoja tu, ila bila hiyo upande mwingine unaweza kuomba meseji zako zote zitupwe. Ile meseji alisema "nitatuma mwisho wa mwezi, najua ni mtoto wangu" ina thamani kuliko mashahidi watano.

Kabla ya korti, afisa wa watoto

Kila sabkaunti ina ofisi ya watoto, huduma ni ya bure. Utaeleza, watafungua faili, watampigia simu ama kumtumia barua wamwambie mje mkubaliane. Kuna wanaume na wanawake wanaamka hapo hapo, sauti ya serikali ikiingia kwa simu yao huko majuu wanaanza kutuma. Mkikubaliana muandike makubaliano ya malezi, wote msaini, na muyapeleke kortini yawe amri. Makubaliano ya kukaa kwa droo ya afisa hayavuki mpaka wa nchi yoyote, amri ya korti ndiyo inavuka. Niliona dada mmoja wa Kondele amekaa miaka miwili na karatasi ya makubaliano, kila akilalamika anaambiwa subiri tumpigie tena.

Asiposhika simu ya afisa mara mbili, usiendelee kusubiri. Omba ripoti ya afisa iandikwe, ichukue, nenda kortini nayo.

Na si lazima uwe mama. Baba anayelea anaweza kushtaki mama aliye nje, na shosho ama kukhu anayekaa na wajukuu pia anaweza, sheria inaruhusu mlezi anayemshikilia mtoto. Kule kwetu Western hiyo ndiyo hali ya nyumba nyingi, wazazi wako Ghuba ama Marekani na mzee anauza kuku kulipa karo, na wengi hawajui wana haki ya kusimama mbele ya hakimu.

Kortini

Unafungua kesi kwa mahakama ya watoto iliyo karibu na mtoto anapoishi, iwe Nakuru, Winam, Kakamega, Busia ama Bungoma. Siku hizi kesi zinawekwa kwa mtandao wa mahakama, ukienda rejistri bila kujua watakuelekeza, na cyber nyingi karibu na korti zinajua. Kama huna wakili, FIDA, lile shirika la mawakili wanawake, wako na ofisi Kisumu na wanasaidia wamama bila malipo, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016, na ukitaka tu kuuliza kuhusu mtoto piga 116, ni bure.

Omba vitu vitatu siku hiyo hiyo. Omba amri ya matunzo. Omba amri ya muda, yaani alipe kitu fulani wakati kesi inaendelea, juu kesi inaweza kuchukua mwezi ama mwaka na mtoto anakula kila siku. Na omba ruhusa ya kumpelekea samansi nje ya Kenya.

Hii ya samansi nataka ushike vizuri. Mtu akiwa nje huwezi tu kumtumia karatasi, korti lazima ikupe ruhusa kwanza. Ukishaipata, kanuni za kesi za madai zilibadilishwa mwaka wa 2020 na sasa samansi inaweza kutumwa kwa imeili ama kwa WhatsApp, kwa namba ya mwisho inayojulikana anatumia. Zile tiki mbili ndizo zinaonyesha imefika. Anayetuma anaapa hati ya kiapo na kuweka hizo skrinshoti. Mimi nilikuwa nimemtumia mwenyewe kabla, bila ruhusa, nikidhani nimefanya haraka. Hakimu akasema haihesabiki, turudi mwanzo. Miezi mitatu ikaenda.

Akijibu, mzuri. Anaweza kusikizwa kwa video akiwa huko huko, siku hizi korti zetu zinafanya hivyo. Nakuru, Kisumu na Kakamega pia kuna upatanishi wa mahakama, faili inatumwa kwa mpatanishi mnaongea bila hakimu, na mkikubaliana inakuwa amri. Kwangu ingesaidia lakini yeye alikataa. Asipojibu kabisa, kesi inaweza kuendelea bila yeye, lakini uwe na ushahidi wa kutosha kwamba samansi ilimfikia, maana korti ya huko nje kitu cha kwanza itauliza ni kama huyu mtu alijua anashtakiwa.

Ukipata amri, omba itaje kiwango, tarehe ya kulipa, akaunti ama namba ya kulipia, na hadi lini. Kawaida ni hadi miaka 18 lakini korti inaweza kuongeza kama mtoto bado anasoma ama ana ulemavu. Amri inayosema tu "baba atasaidia na karo" ni maneno matamu, hakuna karani wa Birmingham atajua akate pauni ngapi.

Sasa amri inavuka mpaka, na hapa kila nchi na mambo yake

Uingereza. Hii ndiyo njia najua na ndiyo iko wazi zaidi. Kenya iko kwa orodha ya nchi zinazosaidiana na Uingereza chini ya sheria yao ya 1972 ya kutekeleza amri za matunzo, na sisi hapa tuko na sheria yetu, Sura ya 154. Usijaze fomu za ile ofisi yao ya Child Maintenance Service, wale wanashughulikia mtoto anayeishi Uingereza, mimi nilijaza nikarudishiwa jibu la mistari miwili. Yako inapitia kitengo chao kinaitwa REMO, kinachoshughulikia amri za matunzo kati ya Uingereza na nchi zingine. Unaenda kwa korti iliyokupa amri, unaomba itumwe, na korti ndiyo inatuma kwa njia ya serikali kwa serikali. Si wewe kuitia kwa bahasha. Vitu vinavyoenda ni kopi ya amri iliyothibitishwa na korti, hati ya deni iliyoapwa ikionyesha mwezi kwa mwezi amekosa kulipa ngapi, kila kitu unajua kuhusu anapoishi na anapofanya kazi, picha yake na maelezo ya anavyokaa, na cheti cha mtoto. Ikifika inasajiliwa kwa korti ya karibu na anapoishi, na kutoka hapo wanaishika kama amri yao wenyewe. Wanaweza kuambia mwajiri akate mshahara moja kwa moja. Kiwango kinageuzwa kuwa pauni kwa bei ya siku amri inaposajiliwa, kwa hivyo shilingi ikianguka baadaye wewe huumii, ikipanda ndiyo utaona kidogo imepungua.

Kuna ile inaitwa amri ya awali. Hiyo ni pale korti ya Kenya inasikiza upande wako peke yake, inatuma amri na ushahidi, alafu korti ya huko inamwita asikizwe kabla ikubali. Haina nguvu hadi ikubaliwe huko, na anaweza kuleta malalamiko yake. Kwa hivyo ule ushahidi wako uandikwe kama wa mtu ambaye hatakuwa kwa chumba, maana ni kweli wewe hautakuwa. Yangu, kutoka kufungua kesi hadi pesa ya kwanza, ilichukua mwaka na miezi minane, na kati ya hiyo kuna miezi faili ililala kwa ofisi fulani hadi nikaanza kwenda kila Jumanne asubuhi kuuliza. Nenda kila Jumanne. Kwa upole, na daftari, andika jina la uliyeongea naye na alichosema.

Marekani. Hapa watu wanadanganyana sana. Utaona kwa intaneti mkataba wa The Hague wa Novemba 2007 kuhusu sapoti ya watoto, Marekani imo tangu 2017, nchi za Ulaya zimo, Uingereza imo, lakini Kenya haijajiunga, kwa hivyo zile fomu zake si zako. Haimaanishi hakuna njia. Kila jimbo la Marekani lina sheria moja inaitwa UIFSA, na inaruhusu mzazi aliye nje kufungua kesi ama kuomba amri ya kigeni itambuliwe kwa jimbo analoishi huyo mwingine, na unaweza kutoa ushahidi kwa simu ama video bila kusafiri. Unaanza kwa kuandikia ofisi ya sapoti ya watoto ya jimbo hilo, na kama haitachukua ombi la mtu wa Kenya, wakili wa huko anaweza kupeleka moja kwa moja kortini. Ndiyo maana nilisema kwanza ujue jimbo, ukisema tu "ako Amerika" hauna mahali pa kuandikia. Kesi ikiingia kwa mfumo wao, wako na meno, mwajiri anakata mshahara, na raia wao mwenye deni la zaidi ya dola 2,500 ananyimwa pasipoti. Mama mboga wetu alithibitisha jimbo kupitia leseni ya nesi ya huyo bwana, saa hii anasubiri tarehe.

Nchi za Ulaya kama Ujerumani, unaweza kushtaki moja kwa moja kwa korti ya mahali anaishi, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu. Itabidi karatasi zitafsiriwe.

Uganda, nawaambia watu wa Busia na Malaba, msizunguke. Kama baba anaishi Tororo ama Mbale na unaweza kufika kwa matatu, fungua kesi kwa mahakama ya familia na watoto ya huko huko.

Saudi, Qatar na Dubai ndiyo ngumu, sitaki kukudanganya. Kutegemea amri ya Kenya itekelezwe huko ni kupoteza wakati, na kushtaki huko kunataka wakili wa huko na karatasi zilizopigwa muhuri na notari, Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao, moja baada ya nyingine. Kwa hizo nchi, elekeza nguvu yako yote kwa mambo ya hapa chini. Na kama aliye huko ni mama anayefanya kazi za nyumba, uliza kwanza kama yuko salama na kama analipwa, wengine wamenyang'anywa simu na miezi inapita bila mshahara. Yule shosho wa Rongai tulikuja kujua msichana wake hakuwa amekataa watoto, mwajiri ndiye hakuwa anamlipa. Hapo kesi si ya matunzo, ni ya kumwokoa mtoto wa mtu.

Mali iliyo hapa nyumbani

Hii ningeifanya mapema ningejua. Amri ya korti ya Kenya inafanya kazi Kenya kesho asubuhi, haihitaji kusajiliwa na Mwingereza yeyote. Na watu wetu wa ng'ambo wanajenga nyumbani. Ana ploti Lanet, ana rentals Nyalenda, ana probox inafanya kazi kati ya Kisumu na Luanda, ana akaunti ya benki anayotumia kulipa fundi. Fanya search ya shamba kwa ofisi ya ardhi, ya gari kwa NTSA, ya jina la biashara kwa e-Citizen. Ukiwa na hizo karatasi unaweza kuomba korti ishike mali iuzwe kulipia deni, iambie benki itoe pesa kwa akaunti, ama kodi ya wapangaji ilipwe kwa mtoto badala ya kwake. Hiyo ya kodi naipenda sana, haiuzi kitu ya mtu na mtoto anakula kila mwezi. Kama shamba liko kwa jina la mama yake ama ndugu, hapo ni ngumu, usipoteze nguvu.

Alafu kuna Desemba. Mtu anaweza kukwepa miaka, lakini atakuja Krismasi, atakuja matanga ya mzee. Kama kuna deni, wakili anaomba korti imwite aeleze kwa nini asifungwe, na akikaidi hati ya kumkamata inatoka. Anaweza kuishia jela ya madai. Kama hakuna amri bado na amekuja, hiyo ndiyo nafasi ya kumpa samansi mkono kwa mkono, na ukiwa na sababu ya kuamini atatoroka, korti inaweza kuombwa imtoze dhamana kabla aondoke. Lakini hizo karatasi ziandaliwe Oktoba, juu wiki ya Krismasi utapata rejistri imefungwa na wakili ako ushago. Na tafadhali usimpe samansi makaburini watu wakimzika baba yake. Ngoja siku mbili.

Vitu vya kushika ukianza kupokea

Usiwahi kumnyima kuongea na mtoto ndiyo alipe. Korti inaona sapoti na kuona mtoto kama vitu viwili tofauti, na ukimnyima unampa wakili wake kazi rahisi. Wangu anapiga Jumapili, mimi naweka simu kwa meza natoka nje.

Weka daftari ya deni, tarehe iliyofaa, tarehe iliyoingia, ngapi, ngapi imebaki. Kila mara korti ya huko ikitaka kujua deni itaomba hii, na huwezi kuikumbuka kwa kichwa. Akikutumia pesa pembeni kwa M-Pesa nje ya korti, iandike pia, usifiche, juu ataitoa yeye na utaonekana mwongo kwa kila kitu kingine.

Mtoto akiingia sekondari ama akigonjeka, kiwango kinaweza kuongezwa, rudi kwa korti ile ile uombe kibadilishwe, na amri mpya itumwe tena kwa njia ile ile. Na yeye pia akipoteza kazi anaweza kuomba kipunguzwe, hiyo ni haki yake, usiichukue kama matusi.

Ukihama ama ukibadilisha namba, ambia rejistri wiki hiyo hiyo kwa maandishi, na uombe wakugongee muhuri kwa kopi yako. Mimi nilihama kutoka Kaptembwa kwenda Free Area Januari, barua kutoka Uingereza ikafika kwa adresi ya zamani, ikakaa kwa keyateka wiki sita, na ilikuwa inauliza tu namba mpya ya akaunti.